Mzunguko wa Sipi: nyumba yangu imeacha kupanda mlima

Leo namba za mbio zangu za mlimani hapa Sipi, mashariki mwa Uganda, zimekaa jamani. Kilomita 14.2, mita za kupanda zote zikijumlishwa 691. Jumatano ilikuwa 688, Jumamosi ile nyingine 694. Mara tatu, njia ileile, tofauti haizidi mita sita. Nimesubiri hii kitu tangu kahawa ikiwa maua na sasa watu wanachuma.

Njia yenyewe sitaieleza sana, wa huku mnaijua: natoka mlangoni kwangu juu ya barabara ya Kapchorwa, napita katikati ya mashamba ya kahawa na matoke, nafuata ukingo wa genge ambapo unaona tambarare zote za chini hadi macho yanachoka, nashuka mpaka chini ya maporomoko makubwa, yale ya mita karibu 100, halafu napanda kurudi huku nikijuta. Ni hapo kwenye kupanda ndipo ugomvi wangu ulianzia. Maana kilomita 14 za Soroti kwenye tambarare na kilomita 14 za Sipi si ndugu hata kidogo, ukimwambia mtu kilomita peke yake umemdanganya. Lazima umwambie na mlima.

Sasa mlima ni mita ngapi? Simu ilisema 1,318. Nikacheka, maana siku hiyo nilirudi nikiwa na nguvu ya kukamua ng'ombe. GPS ya simu kwenye mlalo haina shida sana, lakini kwa urefu wa juu inacheza ovyo, na ukiwa chini ya ukuta wa mwamba mawimbi ya setilaiti yanagonga jiwe kwanza ndipo yakufikie, basi simu inadhani umeruka kama mbega. Inahesabu kila mruko kama kupanda.

Nikasema wacha nitumie ramani ya urefu, ile data ya rada ambayo chombo cha anga cha Endeavour kilipima dunia Februari 2000. Unaweka faili la njia kwenye laptopu, programu inasoma urefu wa kila nukta. Ikaleta 1,090. Nikakaa nayo usiku mzima mpaka nikaelewa. Ile data imekata ardhi vipande vya mita 30 kwa 30, kila kipande namba moja. Kwa shamba la ngano la Bukwo hiyo inatosha kabisa. Lakini mimi nakimbia kwenye ukingo wa genge! Kipande kimoja kiko juu, jirani yake amechanganya juu na chini, nukta zangu zikisogea hatua tano kushoto laptopu inanitupa gengeni, hatua tano kulia inanirudisha. Nimekufa na kufufuka kama mara ishirini kwenye ile grafu.

Basi nikanunua saa ya mtumba yenye baromita. Bei sitaji, mke wangu anasoma. Saa kama hiyo haiangalii setilaiti kwa urefu, inapima uzito wa hewa, ukipanda hewa inapungua, hesabu imeisha. Kwa urefu wetu huku, karibu mita 1,900, hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ni kama mita kumi na kitu. Nilidhani nimemaliza.

Kumbe ndio nimeanza. Kwanza namba zilikuwa 846, 731, 790, kila siku na yake. Pili, na hii ndiyo iliniuma, naanzia mlangoni na kuishia mlangoni, jiwe lilelile nakanyaga, lakini saa inasema mlango umehama. Jumamosi nikitoka saa tano na kurudi saa saba mchana, nyumba imepanda mita 17. Siku za kazi nikitoka saa kumi na nusu jioni nikarudi giza linaingia, nyumba imeshuka mita 11. Nyumba ya matofali!

Nililaumu kila kitu. Nililaumu aliyeniuzia. Niliosha saa kwa maji ya vuguvugu maana wanasema jasho na matope huziba kale katundu ka hewa, na ni kweli kanaziba, siku moja chini ya maporomoko yale manyunyu yaliingia na grafu ikaruka mita 40 nikiwa nimesimama nakunywa maji. Nikajifunza kupuliza katundu nikitoka pale. Lakini nyumba bado ilikuwa inatembea. Jamaa yangu wa Bukwo akaniambia tupa hiyo takataka, kimbia tu, sisi tulikuwa tunapanda hadi shule bila saa. Huyo ni mtu ambaye anashuka mteremko wa udongo mwekundu akiwa na gamboti za shamba na jerikeni mkononi, na ananiacha, mimi na viatu vya meno. (Kuhusu viatu: meno marefu ni mazuri dakika kumi za kwanza, baada ya hapo udongo wetu wa volkano unajaa katikati na unakimbia na chapati mbili za matope chini ya miguu. Gamboti udongo hauna pa kushika. Sisemi zaidi.)

Kilichonifungua macho ni Jumapili moja ya mvua. Sikukimbia. Nikaiacha saa mezani inarekodi, nikaenda kanisani, nikarudi, nikala, nikalala. Jioni nikafungua grafu. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri meza yangu imepanda mita 26, taratibu, laini, kama mzee anayejua njia. Baada ya saa kumi ikaanza kushuka. Nikadhani ni mvua. Nikarudia Jumatatu jua likiwaka, ileile. Jumanne, ileile.

Hewa yenyewe ndiyo inapumua! Huku karibu na ikweta mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama bahari inavyojaa na kupwa, kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mchana hewa inapungua, saa inadhani umepanda. Jioni inarudi, saa inadhani umeshuka. Walioko Ulaya hii hawaioni vizuri maana kwao ni ndogo, halafu kule hali ya hewa inabadilika ovyo inaifunika, ndiyo maana maelekezo ya saa hayakusema neno. Saa haikuwa mbovu siku hata moja. Nilimtukana mtu wa mtumba bure, nikimwona sokoni nitamnunulia rolex (ile chapati ya mayai, si saa).

Baada ya hapo dawa ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Njia ni mzunguko, kwa hiyo mwisho lazima uwe sawa na mwanzo. Kama nyumba imepanda 17 nagawanya hizo 17 kwa muda wote wa safari na kuziondoa kidogo kidogo kila dakika. Halafu nikaweka kizingiti cha mita 3: kupanda hakuhesabiwi mpaka umezidi mita 3 kutoka pale chini ulipokuwa, maana upepo ukipiga saa nao unatengeneza vilima vya uongo, kimoja ni nusu mita lakini vikiwa mia mbili ni mlima mzima. Hicho kizingiti ndicho kilichokula zile 846. Sasa kupanda na kushuka vinalingana, na mimi nalala.

Najua kuna watakaosema ni ujinga. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei alipokimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 kule Monaco mwaka 2020 hakuna aliyeuliza uwanja una urefu gani. Ndiyo, uwanja umepimwa. Hiki kilima chetu nani amekipima? Vijana wa mazoezi wananipita hapa asubuhi kama upepo, hawajui wala hawajali ni mita ngapi, na pengine ndiyo maana wananipita.

Mpango ulikuwa, namba zikikaa, nipake mishale ya rangi nyeupe kwenye mawe ili mgeni asipotelee kwenye kahawa za watu. Rangi nilishanunua, iko chini ya kitanda. Ila juzi nikiwa nimeinama napuliza katundu kangu, mtoto mmoja anayechunga mbuzi akasimama kuniangalia, akaniuliza, "Mjomba, umeumia?" Nikamweleza. Akasema kwa nini unapanda huku kwenye utelezi, sisi na mbuzi tunapita kule, akanionyesha kijia kwenye mwamba ambacho mimi kwa miaka yote nilidhani ni mfereji wa maji. Kikavu, hata mvua ikinyesha eti hakitelezi, na kinatokea juu ya lile shamba ambalo mwenyewe ameshanifokea mara mbili kwa kukanyaga miche yake.

Kama kinapitika, zile 691 zangu zote nazitupa naanza upya. Tumepatana Jumamosi saa moja asubuhi baada ya kuwafungulia mbuzi. Saa hizo hewa bado inapanda, kwa hiyo nikirudi mlango utakuwa umeshuka mita kadhaa, na sitamgombeza mtu.