Siku moja maishani mwangu: komwe 62

Saa kumi alfajiri nishasimama mbele ya karai. Unga niliukanda jana usiku, umeumuka, na mbaazi zimekesha juu ya makaa zikijipikia taratibu. Nakaanga mahamri ya kuuza. Ikifika saa kumi na mbili wateja wangu wa kwanza washajipanga barazani na sare zao, mikoba mikubwa kuliko migongo. Huyu mawili, yule manne na mbaazi za kutia kwenye kikopo, yule mwingine mama yake atalipa jioni. Wanakimbilia skuli. Wangu watatu wamelala ndani.

Kuna jirani yangu mmoja hanikosi. "Shoga, wako leo likizo tena?" Nami hucheka, nikampa mahamri yake. Kumjibu kwataka nafasi, na mafuta yako motoni.

Basi leo najibu. Mie nasomesha wanangu nyumbani, hapa Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wa tatu. Si kwamba tuna mali. Bwanangu anaendesha tuktuk isiyo yake. Mkubwa wetu ana miaka 10 na ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mie na baba yake kila mmoja alibeba nusu yake bila kujua, mtoto akazichukua zote mbili. Ndivyo ilivyo, kila mimba ina nafasi moja kwa nne. Wawili waliomfuata tumewapima, wamesalimika.

Mtoto wa sikoseli lazima anywe maji mengi, maana mwili ukikauka zile seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba na maumivu yakaanza. Figo zake nazo hazishiki maji kama zetu, kwa hiyo chooni anakwenda kila mara. Skuli aliyokuwako mwanzo, sitaitaja, choo kilikuwa kwa ruhusa, na ruhusa mwalimu wake hakuwa mwepesi nayo. Mtoto akapiga hesabu yake mwenyewe: nisiponywa, sitaomba. Chupa niliyomtilia asubuhi ikawa inarudi imejaa, nami najisifu moyoni kwamba mwanangu ana akili, anaijaza tena bombani. Tulilazwa siku tisa. Aliporudi akakuta ameandikwa mtoro.

Mara ya tatu ya kulazwa ndipo tulipomtoa. Dadake akakataa kwenda peke yake, na nisiwafiche, hata karo ya huyo mmoja ilikuwa inatutoa jasho.

Saa moja namwamsha mkubwa. Julai hii kusi inavuma na asubuhi ina baridi, na baridi kwake ni adui, kwa hiyo soksi na sweta kabla mguu haujagusa sakafu. Namtazama macho kama yamezidi umanjano, namgusa paji, nampa vidonge vyake viwili na bilauri ya kwanza ya maji. Mle ndani nina mwanafunzi wa Gredi ya 4 anayesoma vya Gredi ya 3 kwenye hisabati na vya Gredi ya 5 kwenye Kiswahili, binti wa miaka 7 wa Gredi ya 2, na kitindamimba wa miaka 3 ambaye hayuko gredi yoyote na ndiye mkuu wa skuli.

Ubao wetu ni mlango wa chumba cha kulala. Bwanangu aliupaka rangi nyeusi. Mitaala nimeipakua bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, kwa bando la usiku, vitabu ni vikuukuu vya kununua mjini. Saa mbili hadi saa nne zilipita na imla, na kusoma kwa Kiingereza, na binti akinibishia kwamba ng'ombe na ngoma zinaanza na sauti moja mpaka nilipomfanya alie kama ng'ombe, na kitinda akiandika ukutani kwa chaki aliyoitafuna kwanza.

Halafu ikaja kutoa.

Marehemu babangu alituachia bao lake na komwe zake zote 64, zile kete za kuchezea. Ndizo hesabu zetu. Usiku nilizipanga: vikombe sita vya mtindi, kila kimoja komwe kumi, na nne zimelala juu ya mkeka. Swali likawa 64 toa 27.

"Nne toa saba," binti akasema. "Haitoki."

"Utafanyaje?"

"Nitakopa kwa makumi."

"Haya, kopa."

Akatazama vile vikombe. Akanitazama mie. "Mama, ile kumi ikikopwa hulipwa lini?"

Mie nina daftari langu la deni dukani kwa Mpemba na ndani yake mna kilo mbili za unga na nusu lita ya mafuta. Nilishindwa la kumwambia. Nikamwambia kwenye hesabu hailipwi. Akaona huo si uungwana, akakataa kuvunja kikombe. Tulivutana hapo, wallahi, dakika kumi, mpaka kaka yake akamwambia si kukopa, ni kuchenji tu, kama noti na sarafu. Akakubali. Akamwaga kikombe kilicho karibu naye, akachanganya na zile nne, akatoa saba. Akaondoa vikombe viwili. Akahesabu zilizobaki.

"35."

"Rudia."

Nikamrudishia mwenyewe, nne juu ya mkeka na zilizosalia nikazikusanya kwenye kikombe kwa kiganja. Akarudia. 35. Nikamwambia atulie, ahesabu kwa kidole, asikimbilie mbele. 35. Mara ya nne sauti yangu ilishapanda, na hapo ndipo pale ambapo kazi hii huniumbua. Mwalimu wa skuli akimfokea mtoto, mtoto ana mama wa kumshtakia jioni. Wangu anishtaki kwa nani? Kidevu kikaanza kumtetemeka, nami mkono unanuka mafuta ya karai, mgongo unaniuma tangu saa kumi, na nikijiambia mtoto huyu hasikii makusudi.

"Hodi hapa!"

Mzee wa mtaa. Na kofia yake na bakora yake.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai."

Akakaa. Nikampa chai, na kwa kuwa mgeni hanywi chai kavu nikamtolea mahamri manne, yale ya saa nne niliyowawekea wanangu. Akala la kwanza kimya. La pili akaniambia ameletewa habari kwamba nyumba hii kuna watoto wa skuli wasiokwenda skuli. La tatu akanisomea sheria: ya elimu ya msingi, ya mwaka 2013, mzazi asiyempeleka mtoto skuli faini yake hadi laki moja au mwaka jela au vyote pamoja. Hakukosea. Sheria hiyo naijua kuliko yeye, nimeisoma usiku mara nyingi.

Nikatoa faili. Mie nina faili, tena nene: kadi ya kliniki, barua za daktari, madaftari ya kila muhula yenye tarehe. Mzee akaishika barua kwa mbali, akaisogeza, akaisogeza tena, akasema miwani ameiacha nyumbani. Basi akageukia watoto. Akamuuliza mkubwa kwa Kiingereza jina lake nani, anakaa wapi, Rais wa nchi ni nani. Akajibiwa kwa Kiingereza, vizuri, na adabu zake. Akatikisa kichwa kama aliyekatishwa tamaa. Akamgeukia binti.

"Na wewe, unalilia nini?"

"Kutoa," binti akasema.

Mzee akainama juu ya mkeka. Nikaona macho yake yanabadilika, maana bao la babangu ni la mvule, limeng'aa kwa mikono, na mtu wa bao akiliona halimpiti. "Hili la nani?" Nikamwambia. Alimjua. Waliwahi kucheza. Kisha akanyoosha bakora kwenye kile kikombe bila hata kushuka kitini.

"Hiki hakina kumi."

"Zina kumi, mzee. Nimezihesabu jana."

"Jana. Leo zina nane."

Nikamwaga. Moja, mbili, tatu. Nane. Siku nzima mtoto alikuwa akitoa 27 kwenye 62 na kupata 35, sawasawa kabisa, mara nne, na mie nikimpandishia sauti. Sote tukamgeukia kitinda kwa pamoja. Alikuwa amekaa mlangoni mikono nyuma. Tukamkagua mikono, mdomo, chini ya fulana. Hana kitu.

Nilimwomba binti msamaha mbele ya mgeni. Nafikiri hilo lilimshangaza mzee kuliko faili. Akamaliza hamri la nne, akajipangusa ndevu, akasema, "Watoto wana akili, sikatai. Lakini mwanangu, hii si skuli." Jumatatu atarudi, akasema, na naibu wa chifu, na mie niwe na majibu. Alipofika ukumbini akageuka kuuliza kama bao lile linauzwa.

Saa ngapi alipoondoka sikumbuki. Adhuhuri ilishapita, wali haujatelekwa, na mtoa maji kapitisha mkokoteni wake hatukumsikia, mitungi mitupu. Nilikuwa nachambua mchicha nikawa nasikia kimya upande wa mkubwa. Mtoto huyu akiwa mzima ana maneno mengi. Nikamwona amelikunja goti lake na kulishika kwa mikono miwili.

"Limeanza lini?"

"Mzee alipokuwa hapa."

"Mbona hukusema?"

"Angesema naumwa ndiyo maana sisomi."

Nikamlaza. Dawa ya maumivu, maji, maji tena, kitambaa cha maji ya vuguvugu gotini, nikikibadilisha kila kikipoa. Kipimajoto 37.4. Ikifika 38.5 hatungoji, ni hospitali moja kwa moja, na begi la kulazwa liko nyuma ya mlango limefungwa tangu mwaka juzi. Nampigia baba yake, simu haishiki. Sayansi ya mchana imekufa. Insha imekufa. Saa nane binti akajivalia buibui lake na juzuu yake akaenda chuo cha Kurani na watoto wa jirani. Kwa kawaida huenda na kaka yake, na maalim humweka karibu na mlango na chupa yake ya maji bila kuulizwa. Saa mbili za chuo ndizo saa zangu. Ndani ya saa hizo huwa naoga, nasali nikiwa nimetulia, mara moja moja hata nalala. Leo nilikaa chini ubavuni mwake namsugua mguu, kitinda juu ya bega langu kama kima, na stima ikapotea.

Halafu sijui tena saa. Nakumbuka niliunguza wali. Nakumbuka mkubwa akiniuliza nimsomee, nami macho hayafunguki, akasema basi atasoma yeye. Akalala chali na kitabu juu, akawa anamsomea mdogo wake hadithi ya sungura na fisi, akibadilisha sauti, akikatizwa na maumivu katikati ya sentensi, akimeza mate, akiendelea pale pale alipoachia. Gredi ya 3 au ya 5, sijui. Mie nilimsikiliza tu nikiwa nimeegemea mlango-ubao, mgongo wote chaki.

Magharibi 37.2. Maumivu yamepungua. Baba yake akaja na ndizi na mitungi minne ya maji kwenye tuktuk, nikamhadithia habari za mzee, akanyamaza kwa muda mrefu kisha akauliza, "Na Gredi ya 6 je?" Hilo ndilo swali letu la usiku. Mtihani wa KPSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 6, husajiliwa kupitia skuli, na amebakisha miaka miwili. Huenda tukapata skuli itakayomruhusu maji na choo bila maswali. Nimeshatembelea tatu. Moja mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, nikatoka pale natembea kama si mie.

Saa nne usiku wote wamelala. Unga nimeukanda. Nimeroweka nguo beseni zima, na nilipokuwa nageuza mifuko ya kaptura ya kitinda kidole kikagusa kitu cha duara, kigumu, laini. Komwe. Nikageuza mfuko wa pili, nikaukung'uta, nikapapasa chini ya beseni.

Moja tu. Nikaifuta kwa kanga, nikaitia kikombeni, na kwenye mlango nikafuta 64 nikaandika 63.