Rangi za modeli kwenye joto la Dar: mchanganyiko ulionifaa

Maelekezo mengi ya kupiga rangi modeli za plastiki yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiyafuata yalivyo hapa Dar es Salaam, rangi inakauka ingali hewani, inatua juu ya bawa la ndege ikiwa vumbi, na ukipitisha kidole unahisi msasa. Spitfire Mk. Vb yangu, modeli ya ndege ya kivita ya Uingereza kutoka kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/48, imetoka laini mwanzo hadi mwisho, na naamini siri iko kwenye thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, kuliko kwenye mkono.

Kabla ya kuangalia rangi yenyewe, mimi huuliza: hii inayeyushwa na nini? Tamiya za chupa, zile za X na XF, ni akriliki zenye alkoholi ndani, kwa hiyo zinapatana na thina yao ya X-20A, na hata na alkoholi ya isopropili. Vallejo ya Hispania nayo ni akriliki, lakini ya maji. Ukiitilia alkoholi inagandamana, inakuwa utando kama mpira ndani ya kikombe cha brashi ya hewa, kifaa cha kunyunyizia rangi kwa hewa ya kompresa. Humbrol za kopo ni rangi ya mafuta, zinataka tapentaini. Halafu kuna laka, mfano Mr. Color ya Japani, ambayo inashika plastiki kuliko zote lakini mvuke wake ni mkali. Bila barakoa ya kuchuja mvuke na dirisha wazi usiifungue. Thina ya mafundi rangi wa magari siisogezi kabisa karibu na plastiki tupu. Modeli nyingi ni polistirini, na thina ile huilainisha mpaka mistari ya paneli, ile michoro ya maungio ya mabati ya ndege, inafutika.

Nilichagua Tamiya kwa sababu ndege yenyewe ilinirahisishia. Kuanzia Agosti 1941 Spitfire za Uingereza ziliacha rangi ya udongo mgongoni, zikapakwa kijani na kijivu cha bahari, na Tamiya wanazo zote: XF-81 ya kijani, XF-82 ya kijivu cha juu, XF-83 ya kijivu cha tumboni.

Wengi huchanganya nusu kwa nusu. Kwa joto letu mimi naweka thina sehemu mbili kwa rangi sehemu moja, kisha matone machache ya ritada, dawa ya kuchelewesha kukauka. Napima kwa sirinji na kukoroga kwenye kikombe kidogo, halafu naivuta rangi juu ukutani mwa kikombe. Ikiteremka kama maziwa na kuacha utando mwembamba nyuma yake, iko tayari. Ikiacha michirizi mizito, naongeza thina.

Kompresa naiweka kwenye presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 15 hivi, brashi naishika sentimita tano tu kutoka kwenye plastiki, na najaribu kwanza mgongoni mwa kijiko cha plastiki. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini: rangi ikigusa kijiko inapaswa kung'aa kwa unyevu kidogo, kisha mng'ao ule ufifie wenyewe na rangi ifubae. Isipong'aa kabisa, imefika kavu. Sogeza brashi karibu zaidi au punguza presha. Ikikusanyika na kutiririka, umekaa mno mahali pamoja. Tabaka la kwanza liache plastiki ionekane. Ukitaka kufunika yote kwa mkupuo mmoja, unaziba mistari.

Msimu wa masika una adha yake. Kompresa inavuta hewa yenye maji, na bila kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa, matone yatatemwa katikati ya bawa. Laka siku hizo huweza kupata ukungu mweupe, hivyo naiacha mpaka jua litoke.

Kutia kivuli kwenye mistari ya paneli ndiko kunakonipendeza zaidi. Akriliki ikishakauka vizuri, nasubiri siku mbili tatu, napaka rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana kwa tapentaini. Inakimbia yenyewe ndani ya mstari, na ziada naifuta kwa pamba bila kijani cha chini kuchubuka, kwa kuwa tapentaini haiyeyushi akriliki iliyokauka.