Kivuli Kilichokuja Kabla ya Saa Yake

Jumamosi usiku, 7 Septemba 2019, tulipandisha darubini darini kwa dada yangu, Malindi, kuvizia nyota moja ipungue mwanga kwa asilimia 2.4. Nyota yenyewe ni HD 189733, katika kundi la Mbweha, umbali wa miaka ya mwanga 64 hivi. Kwa macho matupu huioni. Kila baada ya siku 2, saa 5 na dakika 15, sayari yenye ukubwa unaozidi kidogo ule wa Mshtarii hupita mbele yake. Hesabu ilisema usiku ule ingeanza kupita saa 4:12 na kumaliza saa 6 kamili.

Kilichotutoa jasho kwanza ni stendi. Mhimili wa stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata nyota, sharti uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kuzungukia, na hapa Malindi ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na matangi ya maji ya majirani. Nyota ya Kaskazini nayo imezama kabisa. Stendi yetu ilitengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta, parafujo yake ikagoma kwenye nyuzi 15. Ilibidi tuuinue mguu wa kaskazini kwa jiwe la matumbawe la sentimita 15, stendi nzima ikainamia kusini, kisha tukaning'iniza debe la mchanga katikati ya miguu isije ikapinduka. Kwa kuwa ncha haionekani, mhimili hurekebishwa kwa kuangalia nyota zinavyoteleza. Unachukua nyota iliyo karibu na utosi, unaiweka kwenye msalaba wa kioo, unangoja dakika 5. Ikiteleza kaskazini au kusini, mhimili umekosea upande wa mashariki au magharibi. Halafu unarudia kwa nyota iliyo chini mashariki, nayo inakuonyesha kosa la kimo. Dakika 40 ziliishia hapo.

Darubini ilikuwa ya lenzi ya milimita 80, na nyuma yake kamera ya kawaida ya kupigia picha. Kwa kazi hii nyota haitakiwi iwe kali. Mwanga ukirundikana kwenye pikseli chache, kamera hugota kwenye 16,383, namba yake kubwa kuliko zote, na kipimo kinaharibika bila wewe kujua. Tuliivuruga fokasi mpaka nyota ikawa kama pete ya pikseli 20, kilele chake chini ya 10,000. Picha zilikuwa za sekunde 30, na katika hesabu tukatumia pikseli za kijani tu, maana ndizo nyingi, na buluu huliwa mno na hewa.

Namba ya nyota peke yake haina maana. Unaigawa kwa jumla ya nyota mbili za kulinganishia zilizo kwenye picha ileile, na uwiano wa kabla ya kivuli unauita 1.000. Wingu jembamba likipita linazifunika zote na uwiano unabaki palepale. Nyota moja iliyong'aa vizuri niliikataa kwa sababu ni ya buluu na HD 189733 ina rangi ya chungwa. Kadiri zinavyoshuka, ile ya buluu hufifia haraka zaidi, na mstari wa vipimo unapinda wenyewe.

Saa 3:16 nyota ilifika kileleni, nyuzi 64 juu ya kaskazini, upande wa Ngomeni. Huko ndiko ilikorushwa Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini. Ndiyo iliyoona chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 kikijificha nyuma ya mwenzake kila siku 2.1, hila ileile tuliyoitegemea sisi.

Tukaigeuza darubini upande wa pili wa stendi na kuendelea. Saa 3:45 uwiano ukaanza kushuka: 0.997, 0.994, 0.990.

"Mjomba, imeanza!" akasema mpwa wangu.

"Bado dakika 27, mwanangu. Hiyo haiji mapema."

Tuligawa zile nyota mbili za kulinganishia zenyewe kwa zenyewe, zikawa zimetulia. Kasoro basi ilikuwa kwa nyota yetu au mahali ilipokaa. Tangu tugeuze darubini ilikuwa imetambaa pikseli 60, kwa kuwa mhimili haukulala sawasawa. Tulipofunika lenzi kwa kitambaa cheupe kilichomulikwa tochi na kupiga picha, tukaona duara la kijivu palepale ilipofikia: chembe ya vumbi. Tukaisogeza nyota. Uwiano ukarudi 1.000.

Wanaastronomia wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, waliwahi kukabili shaka kama hiyo, kubwa mara nyingi zaidi. Mwishoni mwa 1994, kwa ELODIE, kifaa cha kuupasua mwanga katika rangi zake, na darubini ya mita 1.93 huko Haute-Provence, Ufaransa, waliona nyota ya 51 Pegasi ikienda na kurudi kwa karibu mita 59 kwa sekunde, kila siku 4.23, kana kwamba inavutwa na sayari. Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua na hulitikisa kwa mita 12.5 tu kwa sekunde. Sayari yenye mzunguko mfupi hivyo ilikuwa vigumu kuiamini: huenda nyota yenyewe ilikuwa inapumua, au ina madoa. Waliisubiri irudi angani Julai 1995, wakiwa na jedwali la mwendo iliopaswa kuwa nao, nayo ikalifuata. Oktoba wakatangaza huko Florence. Mwezi mmoja baada ya usiku wetu walitunukiwa Nobeli ya Fizikia pamoja na James Peebles. Nasi tulithubutu kutumia lenzi ndogo kwa sababu ya David Charbonneau na Tim Brown, ambao mwaka 1999, huko Colorado, kwa darubini ya sentimita 10 waliiona nyota HD 209458 ikififia sayari yake ilipopita mbele.

Saa 4:12 ikafika. Mteremko ulichukua kama dakika 24, polepole, kisha ukatulia kwenye 0.976. Sakafu ya mchoro haikuwa bapa, ilikuwa na mviringo kidogo, maana katikati ya uso wa nyota pana mwanga kuliko pembeni. Mwezi uliozidi nusu ulikuwa ukishuka magharibi na umande wa bahari ukaanza kuingia kwenye lenzi, kwa hiyo kila dakika 20 tuliipuliza sekunde 10 kwa drai ya nywele ya dada. Mara tu baada ya saa 6 uwiano ulisoma 1.000.

Mizunguko 9 ya sayari hii ni siku 20 kasoro dakika 47. Mpwa wangu akachukua chaki, akaandika ukutani: 27/9, saa 3:25.

Usiku huo hapakuwa na mwezi. Nyota tuliiwekea alama kwenye skrini isihame hata pikseli 10. Saa 3:25 hakuna aliyesema neno. Saa 3:32 uwiano ulikuwa 0.994.