Mfalme mwenye watu mwilini

Leo nusura nitege kipindi cha utangulizi wa sayansi ya siasa. Saa moja asubuhi, mvua, na mada ni Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa kale. Nani ana hamu?

Nikaenda. Nikakaa nyuma karibu na soketi, nichaji simu.

Mhadhiri akaweka ukutani picha ya mwanzo ya Leviathan, kitabu cha Hobbes cha 1651. Mfalme mkubwa ametokeza juu ya vilima, upanga mkono mmoja, fimbo ya kiaskofu mkono mwingine.

"Tazameni nguo yake."

Si nguo. Ni watu! Mamia, wadogo wadogo, wamebanana kama abiria wa daladala la jioni.

Na wote wametupa mgongo. Wanamtazama yeye tu.

Hobbes aliandika Uingereza ikichinjana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo namwelewa: heri bwana mmoja kuliko kila mtu na panga lake. Lakini ile migongo, jamani…

Jirani yangu akanong'ona, "Mbona hawatazamani wenyewe?"

Mhadhiri akasikia, akacheka. "Hilo tutamuuliza mwanafalsafa mwenzake, John Locke, wiki ijayo."

Simu sikukumbuka hata kuichomeka.

Mliosoma siasa, nyie mlinaswa na nani? Plato? Machiavelli? Semeni hapa chini 👇