Mvinyo wa Beaujolais na sufuria ya pilau

Wengi wetu tulioko Ufaransa tukialika wageni tunakimbilia mvinyo wa Bordeaux, kisha tunashangaa mbona kuku wa kupaka amekuwa moto mdomoni. Kosa si la mpishi. Pilipili, kilevi na ukakasi vikikutana vinachocheana, na Bordeaux nyingi zina ukakasi wa kutosha na kilevi cha asilimia 13 hadi 14 na nusu. Kwa mapishi yetu, hasa ya nazi na pilipili, chupa ya kutafuta ni Beaujolais, mvinyo mwekundu kutoka vilima vya kaskazini mwa Lyon.

Zabibu yake ni Gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe kwenye himaya yake, lakini kwenye udongo wa matale wa Beaujolais imestawi hadi leo. Dukani soma lebo vizuri: chupa bora hubeba jina la eneo lake, nayo yako 10, kama Fleurie, Morgon, Brouilly na Moulin-à-Vent. Neno Beaujolais lenyewe huenda usilione mbele kabisa.

Fleurie ni mwepesi: kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Unanukia cheri, forosadi na maua. Mdomoni ni mkavu (aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma ajiandae), uchachu wake unatoa mate pembeni mwa ulimi, na ukakasi ni kidogo sana, haufiki hata robo ya ule wa bibo. Huo ndio wa kuku wa kupaka. Morgon ni mzito zaidi, una cheri nyeusi na harufu ya udongo. Huo upeleke kwenye pilau ya ng'ombe, maana bizari nzima na mdalasini vingeumeza Fleurie. Kwa mbuzi choma, Moulin-à-Vent. Ndizi nyama, ambazo ndizi zake utazipata Guillotière, mtaa wa Lyon, zinakubali wowote kati ya hiyo.

Ule mpya, Beaujolais Nouveau, unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba hunukia ndizi mbivu. Hakuna aliyetia ndizi: vichala vizima huwekwa kwenye tangi lililofungwa, lenye kaboni dioksaidi, na uchachukaji huanzia ndani ya punje. Ni wa kunywa mapema, na kwa sambusa unatosha.

Kinachoharibu zaidi ni joto. Sebule ya majira ya baridi yenye hita ni nyuzi 21 au 22, na hapo Gamay inalegea, kilevi kinapanda puani. Uwe nyuzi 13 au 14: friji dakika 45 hadi saa moja, au ndoo ya maji na barafu dakika 12 hivi. Ukinukia boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu. Urudishe dukani na risiti.

Dagaa na samaki wa mafuta usiwape mvinyo mwekundu, utaonja chuma. Na limau la kachumbari lisizidi, litaufanya uonekane umechuja.

Chupa iliyobaki nusu izibe irudi friji. Itadumu siku 2 au 3. Ikipita hapo, imimine kwenye mchuzi wa ng'ombe mapema, nyama ikiwa bado ngumu, na ndimu uiache.