Nilivyompandisha shangazi ngazi 399 za Hasedera

Shangazi alipokuja Osaka kutoka Tanga alitaka kuona maua ya Japani, ila si sakura, maana picha zake kesharushiwa hadi kachoka. Aprili ilikuwa ukingoni, nikaona nimpeleke Hasedera, hekalu la Kibudha huko Sakurai, mkoa wa Nara, ambalo asili yake ni mwaka 686. Huo ndio msimu wa maua yake ya peoni, mashina kama 7,000. Shida ni ngazi 399 na magoti ya shangazi.

Kwanza nilikwepa likizo ndefu inayoanza Aprili 29, maana hapo Japani nzima huwa safarini. Tukaenda siku ya kazi, kwa treni ya Kintetsu, tufike hekalu likifunguliwa saa mbili na nusu. Kutoka stesheni unateremka ngazi hadi bondeni, kisha unafuata barabara ya maduka kwa mwendo wa robo saa au zaidi.

Ngazi za hekaluni zina paa juu, na taa za mviringo zinaning'inia katikati. Sehemu ya chini vidato vyake ni vifupi na vipana, goti halinyanyuki sana. Peoni zimejaa huku na huku: nyeupe, za waridi, nyingine zambarau iliyokolea karibu na weusi, ua moja linajaza viganja viwili.

"Shangazi, pumzika kidogo."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Basi nikabadili mbinu. Kila tukikuta rangi mpya, nasimama: "Shangazi, hapa picha." Picha hakatai. Anashika nguzo, anatengeneza mtandio, pumzi inarudi, tunaendelea. Njiani nikamsimulia hadithi ya hapo: mke wa mfalme wa China, enzi za Tang, aliyekuwa na uso mrefu kama wa farasi, aliomba kwa Kannon wa Hase, mwenye huruma katika imani ya Kibudha, akawa mrembo, akashukuru kwa kuleta peoni. Shangazi akacheka: "Angalau huyo hakusahau fadhila."

Juu kuna ukumbi mkuu uliojengwa 1650 kwa ufadhili wa Tokugawa Iemitsu, mtawala wa kijeshi (shoguni) wa Japani. Ndani amesimama Kannon wa nyuso kumi na moja, sanamu ya mbao ya zaidi ya mita 10, iliyochongwa 1538. Majira hayo wageni huruhusiwa kuingia hadi miguuni pake kwa tiketi ya ziada. Shangazi ni mtu wa swala tano, akasema yeye atatazama tu, na hakuna aliyemsumbua. Niliingia peke yangu. Mguu ni mweusi, unang'aa kwa kupapaswa na mikono ya watu miaka nenda rudi. Nilipotoka nikamkuta roshani, iliyochomoza juu ya bonde, anawaonyesha wajukuu maua kwa simu ya video.

Saa sita kamili kengele ikalia, na baragumu la kombe la bahari likapulizwa. Shangazi akakata simu asikilize. Kwa mtu wa pwani, sauti ile mlimani ni jambo.

Kushuka hakukuwa na kazi. Tulinunua kusamochi za moto, vitumbua vya mchele wa kunata vya kijani vyenye maharage matamu ndani, akala mbili. Ila mwenye mzee ajue: zile ngazi za stesheni mlizoteremka asubuhi, kurudi mnazipanda, hazina paa wala maua ya kusingizia picha. Tulizipanda polepole, tukaiacha treni moja iende.