Mahema ya Wanunuzi na Mahema ya Wasio na Makao

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Novemba hapa Minnesota, watu wa aina mbili walikuwa wakilala nje. Walikuwapo waliolala mbele ya maduka makubwa wakingojea bei za Black Friday, Ijumaa ya punguzo kubwa la bei baada ya Sikukuu ya Shukrani, na walikuwapo waliolala nje kwa sababu hawana pengine. Wote walikuwa na mahema. Wote walijifunika hadi puani, na asubuhi wote waliamka wakitafuta choo na kitu cha moto cha kunywa. Nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye duka moja kubwa la bei nafuu kusini mwa Minneapolis, na kwa miaka kadhaa sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwatenganisha hawa wawili: wa kwanza nimkaribishe, wa pili nimwondoe.

Mwaka uliobaki moyoni mwangu ni 2018. Nilikuwa nikikaa Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa marefu waliyojaa ndugu zetu Wasomali, na kwenda kazini nilipanda treni ya Blue Line. Kituo kinachofuata ukielekea kusini ni Franklin Avenue. Tangu kiangazi cha mwaka ule, ukishuka hapo ulikuwa unaona mahema yamepangana kando ya barabara kuu ya Hiawatha, yameegemea ukuta uliojengwa kuzuia kelele za magari. Wengi wa waliokaa pale walikuwa wenyeji wa asili wa nchi hii, Waojibwe na wengineo, na mahali penyewe pakaitwa Ukuta wa Wenyeji Waliosahauliwa. Kuna wakati idadi yao ilizidi mia mbili. Walikuwamo kina mama na watoto. Wengine walifia pale pale. Mimi mtoto wa Likoni, niliyekuja nchi hii na picha za televisheni kichwani, nilikuwa nikisimama kituoni nikijiuliza hawa waliokuwapo kabla ya kila mtu wamekosaje pa kulala.

Treni ikiendelea kusini hupita uwanja wa ndege na kuishia Mall of America, jengo kubwa mno la maduka. Upande wa pili inaanzia Target Field, uwanja wa besiboli wenye jina la duka. Jimbo hili ndilo nyumbani kwa biashara ya namna hii. Duka la kwanza la Target lilifunguliwa Roseville, karibu na St. Paul, mwaka 1962, mwaka ule ule Walmart ilipoanza kule Arkansas. Makao makuu ya Best Buy, maduka ya vifaa vya elektroniki, yako Richfield, mwendo mfupi tu kutoka Minneapolis. Kwa hiyo wiki ya Sikukuu ya Shukrani hapa kwetu ina uzito wake. Matangazo huanza mapema, na kwenye kila ukurasa kuna kitu kimoja au viwili vya bei ya kushangaza, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, idadi ya chini itakayokuwapo kila duka. Idadi hiyo huwa ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo inayowatoa watu vitandani. Runinga zingekuwa za kumtosha kila mtu, hakuna ambaye angekesha kwenye baridi akiisubiri.

Miaka ile maduka mengi hayakungoja hata Ijumaa ifike. Yalifungua Alhamisi yenyewe, siku ya Shukrani, saa kumi na moja jioni, nyama ya bata mzinga haijapoa mezani. Kwenye duka letu hema la kwanza lilipigwa Jumanne. Kufikia Jumatano usiku foleni ilikuwa imezunguka kona ya jengo: viti vya kukunja, majiko madogo ya gesi, mabegi ya kulalia ya watu wapanda milima, watoto wakicheza karata kwa mwanga wa simu. Piza zililetwa hadi mlangoni pa hema. Duka liliweka vizuizi vya chuma ili watu wasizibe mlango, likakodi vyoo viwili vya plastiki, likaongeza taa. Msimamizi wetu alitoka na mtungi mkubwa wa kahawa, akawamiminia mmoja mmoja, akiwauliza kama wameshinda salama. Polisi wakaja, wakatembea kwenye foleni wakitaniana na watu. Mwandishi wa televisheni akaja na kamera akawasifu kwa uvumilivu wao.

Nyuma ya jengo hilo hilo, malori yanaposhushia mizigo, kuna tundu linalopumua hewa ya joto kutoka ndani. Hapo ndipo alipokuwa akilala bwana mmoja niliyezoea kumwita mzee, ingawa sidhani kama alikuwa amefika sitini. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Alianguka kutoka juu ya nyumba, mgongo ukaharibika, kazi ikakatika, kodi ikamshinda. Amri niliyopewa juu yake ilikuwa fupi: asikutwe pale. Nilimwamsha kwa tochi usiku baada ya usiku, naye alikunja vitu vyake bila neno, akaenda nisikokujua, kisha akarudi zamu yangu ikiisha. Wakati mmoja mlinzi wa zamu nyingine aliita polisi, wakampa karatasi ya kumkataza kukanyaga eneo la duka kwa mwaka mzima. Aliibeba mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

Jumatano ile, kama saa nne usiku, alitokea mbele ya duka na hema lake la kijani. Akauliza wa mwisho kwenye foleni ni nani, akapiga hema nyuma yake.

Nilimwona. Naye alijua nimemwona. Mtu wa mbele yake alikuwa baba na wanawe wawili. Walimpa vipande vya piza na wakazungumza habari za mpira wa kikapu. Hakuna aliyeuliza anaishi wapi, kwa maana usiku ule swali hilo halikuwa na kazi, kila mtu alikuwa anaishi kwenye hema. Alipata kahawa ya msimamizi yule yule aliyekuwa akinituma kumfukuza. Msimamizi hakumtambua, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumtazama usoni. Mzee akalala mpaka jua lilipokuwa juu. Alipoamka akaenda chooni, akanawa, akarudi kukaa kwenye kiti alichoazimwa.

Saa tisa alasiri, wafanyakazi walipita wakigawa tiketi za vitu adimu ili watu wasije wakapigana ndani. Mzee akapata ya runinga. Kijana mmoja aliyekuwa amechelewa kufika akamfuata pembeni, akampa dola 80 kwa kile kikaratasi. Milango ilipofunguliwa watu wakaingia, na yeye akakunja hema lake, akanipungia mkono, akaondoka. Baadaye aliniambia kwamba pesa zile zilimpeleka moteli usiku wa Alhamisi, akaoga maji ya moto mpaka ngozi ikakunjamana. Aliniambia hayo nyuma ya duka, wiki iliyofuata, nilipotumwa tena kumwamsha.

Ijumaa saa sita mchana lori lilikuja kuchukua vile vyoo.

Nimelifikiria jambo lile kwa muda mrefu. Hema lilikuwa lile lile, mtu ni yule yule, na kutoka sehemu moja hadi nyingine ni hatua chache tu. Hakubadilika tabia, hakunywa wala kuacha kunywa, hakupata kazi. Kilichobadilika ni kwamba kwa usiku mmoja alidhaniwa ana pesa.

Na wapo wanaoijua vizuri thamani ya mtu anayeweza kulala nje. Septemba 2013, kule Pasadena, California, mfanyabiashara mmoja aliwabeba watu kutoka Skid Row, mtaa wa Los Angeles unaojulikana kwa wasio na makao, akawapanga foleni usiku kucha ili wamnunulie simu mpya za iPhone. Malipo yaliyotajwa yalikuwa dola 40 kwa mtu. Dukani walipogundua mpango ule wakakataa kuendelea kumuuzia, na baadhi ya watu wale wakabaki wakidai hawajalipwa, hasira zikapanda hadi polisi wakamtoa yule bwana pale. Watu wale walikuwa wamelala kwenye lami maisha yao ya kila siku bila kulipwa na mtu. Usiku huo mmoja lami ilikuwa na bei, na bado wengine walirudi mikono mitupu.

Sina ubaya na waliopanga foleni. Tafadhali nieleweke hapo. Kwenye foleni ile alikuwamo dada mmoja wa Kisii, anafanya kazi mbili kwenye nyumba za kutunza wazee, alikuja kununua laptopu ya mwanawe anayesoma chuo kikuu Eldoret. Akaniambia, "Kaka, bei hii nikiiacha nitaipata wapi tena?" Nikamjibu, "Hupati, dada. Jifunike tu vizuri." Mimi mwenyewe ikifika Oktoba binamu zangu huanza kunitumia picha za simu kwenye WhatsApp, na wengi wetu tulio huku tumejaza masanduku ya kupeleka nyumbani kwa bei za wiki ile. Mtu wa kipato kidogo anayetafuta nafuu simlaumu hata kidogo. Wengi wa wale waliokuwa kwenye mahema ya wanunuzi wako mshahara mmoja tu mbali na mahema ya Franklin, na huenda wanalijua hilo kuliko msimamizi.

Wanunuzi nao wamewahi kulipia. Tarehe 28 Novemba 2008, saa kumi na moja alfajiri, umati wa watu wapatao 2,000 ulivunja milango ya Walmart ya Valley Stream, New York, ukamkanyaga mfanyakazi wa muda wa miaka 34 hadi akafa. Idara ya usalama kazini ya serikali kuu iliitoza kampuni faini ya dola 7,000, na kampuni ikaipinga kwa miaka. Ila lilitoka jambo moja la manufaa: idara ile ilitoa mwongozo kwa maduka yote. Vizuizi viwekwe mapema, foleni isianzie mlangoni, watu wapewe namba au tiketi kwa kufuata waliotangulia, polisi na zimamoto wajulishwe. Ndiyo maana mwaka 2018 foleni yetu ilikuwa shwari. Mtu alikufa, wakubwa wakaona haya, na ikajulikana namna ya kuutunza umati wa watu wanaolala nje.

Kwa hiyo nikisikia halmashauri fulani ikisema haiwezi kuweka hata choo kwa watu wanaolala kwenye mahema, kwamba ni ghali, kwamba ni hatari, siwezi kukubali. Nimeona kwa macho yangu vikiwekwa kwa simu moja.

Tangu wakati ule mambo yamezidi kuwa magumu. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 kwa 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba mji unaweza kuwaadhibu watu kwa kulala nje hata kama hakuna vitanda vya kuwatosha. Faini ya mji ule ilikuwa dola 295 kwa mtu aliyekutwa amelala na blanketi. Mwezi Januari mwaka huo huo, hesabu ya serikali ya usiku mmoja ilikuta watu 771,480 wasio na makao nchi nzima, wengi kuliko hesabu yoyote iliyowahi kufanywa, na familia zenye watoto ndizo zilizoongezeka kwa kasi zaidi. Hata waliokuwa wakijisitiri kwenye treni za Green Line zilizotembea usiku kucha kati ya Minneapolis na St. Paul walifungiwa njia hiyo Agosti 2019. Baridi ya hapa inakata vidole. Hospitali ya kaunti, katikati ya mji, huwatibu walioumizwa na barafu kwenye wodi ile ile ya walioungua moto, na baadhi yao hutoka wamekatwa vidole vya miguu.

Lakini rudi nami Franklin Avenue. Desemba ya 2018 watu wa Ukutani walihamishiwa kwenye makao ya muda, kwenye ardhi ya taifa la Red Lake, taifa la Waojibwe. Kisha Red Lake wakajenga hapo jengo la kudumu, Mino-Bimaadiziwin, nyumba 110 za kupanga kwa kodi nafuu, na kufikia 2021 watu walikuwa wakihamia. Liko karibu na kituo cha treni, na madirishani utaona mapazia na mimea ya vyungu. Watu walioambiwa wamesahauliwa walijenga wenyewe kile ambacho miji mitajiri inasema hakiwezekani. Nyumba 110 hazimalizi tatizo, hilo najua. Mzee wangu si wa Red Lake, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado na lile hema la kijani.

Kazi ya ulinzi niliiacha. Sasa naendesha basi la wazee. Mwezi huu baraza la mji ninakoishi linasikiliza wananchi juu ya bajeti ya mwakani, nami nimejiandikisha kusema. Wanatoa dakika mbili kwa mtu, nami nitazitumia kuomba vyoo na maji karibu na mahali watu wanapolala, kuanzia sasa hadi theluji iyeyuke, na kuuliza kukodi vyoo viwili kwa majira yote ya baridi ni kiasi gani. Uko Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, na jioni hiyo huna zamu? Njoo ukae nami. Tukijaa viti vya mbele watatusikiliza vizuri zaidi.